Kila Mwisho Una Gharama: Magemu ya Hadithi na Pwani ya Cabo Delgado

Simu inaita. Ni ujumbe wa Nour, mwanamke wa Syria anayekimbia vita mjini Homs kuelekea Ulaya. Mumewe, Majd, amebaki nyumbani kuangalia wazee. Wewe mchezaji ndiye Majd. Nour anakuuliza apite njia ipi, amwamini nani, fedha zilizobaki azitumie vipi. Ukishamjibu, kimya. Saa zinapita, saa za kweli, unakwenda sokoni na kurudi, na bado hujui kama amevuka. Gemu hilo linaitwa Bury Me, My Love. Lilitolewa mwaka 2017 na The Pixel Hunt ya Ufaransa, na lina miisho 19. Katika baadhi Nour anafika. Katika baadhi anakwama njiani, na katika baadhi hatakuandikia tena.

Nimeanza na Nour kwa sababu msomaji wa Palma, Mocímboa da Praia au Ibo, mkoani Cabo Delgado, Msumbiji, hahitaji kufafanuliwa hali yake. Oktoba 2020 majahazi yalishusha maelfu ya watu waliokimbia vita kwenye ufukwe wa Paquitequete, Pemba. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma kushambuliwa. Mwaka uliofuata idadi ya waliohamishwa na vita mkoani ilivuka milioni moja. Kwenye kila bairro (mtaa) yupo mtu anayekumbuka usiku wa kuchagua: baharini au msituni, kusini Pemba au bara Nangade, kuondoka na mzee asiyeweza kutembea au kukaa naye. Magemu ya hadithi yamejengwa juu ya maswali ya namna hiyo. Pwani yenye Kimwani na Kiswahili ina hadithi za kujaza magemu mengi, kwa hiyo inafaa tupige hesabu: kutengeneza gemu moja kunagharimu nini, na nani atalipa?

Tuseme hadithi ina vituo 10 vya kuchagua, kila kituo kina njia mbili. Ukiiacha kila njia iende zake bila kukutana na nyingine, utafika ukingoni na miisho 1,024, na mwandishi atakuwa ameandika matukio 2,047. Mchezaji mmoja, kwa safari moja, ataona matukio 11. Ni kama kupika sufuria karibu 190 za wali kwa mgeni atakayekula moja.

Ndiyo maana wenye kazi hii huzirudisha njia pamoja. Nahodha anayetoka Mocímboa kwenda Ibo anaweza kupita ndani ya visiwa au nje kwenye bahari kuu. Upepo ni mwingine, hatari ni nyingine, lakini bandari ni ileile. Kinachobaki ni kumbukumbu: gemu linaandika pembeni kwamba ulimnyima fulani maji, na baadaye fulani huyo anakupa kisogo. Kuweka alama hiyo ni mstari mmoja wa programu. Kuandika upya tukio zima, kulichora na kulirekodi, ni mishahara ya watu.

Kampuni ya Telltale ya California ilijenga jina lake kwa mbinu hiyo. The Walking Dead, la mwaka 2012, liliuzwa kwa sehemu tano, na kila ulipofanya uamuzi mzito maandishi yalikutahadharisha kwamba mtu fulani atalikumbuka jambo hilo. Lilisifiwa sana. Kampuni ikaendelea kumimina hadithi nyingine kwenye kalibu ileile mwaka hadi mwaka, mauzo yakapungua, na Septemba 2018 ikawaachisha kazi watu wapatao 250 kwa mkupuo. Kuanguka kwake kuna sababu nyingi, lakini naamini mojawapo ni hii: mchezaji akishagundua kwamba njia zote zinarudi palepale, na kumbukumbu aliyoahidiwa haina uzito, hanunui tena.

Wapo waliothubutu kuibana hadithi hadi mwisho na wakafanikiwa. Life is Strange, lililotengenezwa na Dontnod ya Ufaransa mwaka 2015, linamfuata Max, msichana anayeweza kurudisha wakati nyuma. Baada ya sehemu tano anabaki na uamuzi mmoja: amwokoe rafiki yake Chloe au auokoe mji wa Arcadia Bay. Miisho miwili, hata uwe ulichagua nini huko nyuma. Wengi walilalamika. Mimi naona walitengeneza vizuri, kwa sababu chaguzi ndogo za mwanzoni ndizo zilizokufanya umpende Chloe kiasi cha kushindwa kubonyeza. Fedha ya kampuni ndogo ilikwenda mahali ilipotakiwa kwenda.

Kampuni kubwa nazo haziepuki hesabu hii. Mass Effect 3 la BioWare lilitoka Machi 2012, na wachezaji waliosafiri na hadithi hiyo kwa magemu matatu wakahisi mwisho haukuwatambua. Hasira ilikuwa kubwa hata Juni mwaka uleule kampuni ikatoa nyongeza ya miisho, bure kwa mteja. Upande wa pili yupo Larian ya Ubelgiji, iliyotoa Baldur's Gate 3 Agosti 2023 ikitaja namna 17,000 za kumalizika na zaidi ya saa 170 za maigizo yaliyorekodiwa. Nyuma ya takwimu hizo kulikuwa na mamia ya wafanyakazi na miaka mingi ya kazi. Sauti na sura ndizo zinazokula fedha. Maneno yaliyoandikwa ni rahisi kuliko vyote.

Kwa Waswahili, mfano wa karibu ni Tales of Kenzera: ZAU la Aprili 2024, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitunga kutokana na msiba wa baba yake. Unaweza kulicheza kwa sauti za Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Hadithi yake ni njia moja, bei yake haikufika dola 20, na nyuma yake ilisimama kampuni kubwa ya EA. Hata hivyo, kabla mwaka haujaisha Salim alitangaza kwamba ajira za timu yake ya magemu zilikuwa hatarini. Kampuni ya Cabo Delgado ikianza kwa picha za kifahari na waigizaji wa studio, itazama mapema zaidi.

Mlango uko kwa Nour na kwa Lual Mayen. Mayen alizaliwa wazazi wake wakiwa njiani kukimbia vita katika eneo ambalo sasa ni Sudan Kusini, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu kupata dola 300 za kompyuta. Kwa kompyuta hiyo alianza gemu lake, Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi.

Vifaa vya kutengenezea magemu ya namna hii navyo havina bei siku hizi. Twine, iliyoanza 2009, na Ren'Py, ya 2004, zinapakuliwa bure, na kazi ya Ren'Py inaweza kuwekwa kwenye simu ya Android. Gharama inayobaki ni ya watu: mwandishi, mchoraji, fundi wa programu, na wazee wa kusoma Kimwani na kusema hapa umekosea.

Tuchukue tukio moja tuone. Kioo ni cheusi, na maneno yanatokea polepole. Jahazi linang'oa nanga kabla hakujapambazuka. Mko watatu, nauli mliyonayo ni ya wawili. Nahodha anaitazama simu uliyoshika. Unaweza kuitoa simu, au kumwambia mjomba asubiri jahazi la kesho. Picha ni moja tu, ufukwe usiku, inatumika kwa njia zote mbili. Maandishi ni ukurasa mmoja kila upande. Lakini ukiitoa simu, kuanzia hapo ujumbe wa ndugu zako haukufikii, na hadithi yote iliyobaki unaisafiri bila kujua nani yuko hai. Alama moja ya kumbukumbu imebadilisha miisho yote, na haikuhitaji hata mwigizaji mmoja.

Soko lake ni gumu lakini lipo. Tanzania ilishaona watu wakinunua filamu za kigeni kwa sababu tu Lufufu, msimulizi maarufu, amezisimulia kwa Kiswahili. Gemu la maandishi ni dogo, linaweza kurushwa simu kwa simu kwa bluetooth au kadi ya kumbukumbu pale intaneti inapokatika au bando linapoisha. Kulipia kwa kadi ya benki tusikutegemee. M-Pesa ya Vodacom iko Msumbiji tangu 2013, na e-Mola ya Movitel nayo ipo. Duka la Google linatoza dola 25 za kujiandikisha mara moja, na asilimia 15 ya dola milioni ya kwanza kwa mwaka. Sehemu ya kwanza itolewe bure isambae, zinazofuata zilipiwe metikali chache. Lakini kinachorushwa kwa bluetooth hakirudishi hela, na hapo ndipo mauzo peke yake hayatatosha.

Bury Me, My Love nalo lilikuwa na mfadhili, ARTE, televisheni ya umma ya Ufaransa na Ujerumani. Huku kwetu fedha kubwa iko Afungi, kwenye mradi wa gesi wa TotalEnergies. Baada ya ripoti ya Jean-Christophe Rufin ya mwaka 2023 kuhusu mradi huo, TotalEnergies ilitangaza mfuko wa dola milioni 200 wa maendeleo ya jamii, na mpango wake umepewa jina la Kiswahili, Pamoja Tunaweza. Najua kijana mwenye kompyuta atavutiwa kubisha hodi huko, na kwa visima, shule na mikopo ya wavuvi simzuii mtu. Kwa kazi hii ningemshauri apite mlango mwingine: mashirika ya utamaduni, vyuo, televisheni za umma kama ARTE, michango ya wenyeji walioko Dar es Salaam na Lisbon. Katika hadithi ya jahazi la alfajiri, mradi wa gesi ni mmoja wa wahusika. Patakuwa na kituo ambapo mchezaji anatembea kuelekea lango la Afungi usiku ule wa Machi 2021, na mwandishi lazima awe huru kuandika kinachotokea langoni.