Anayenunua Dawa Peke Yake Hununua Ghali

Katika duka moja la dawa mjini Moshi, si mbali na stendi ya mabasi, nilimkuta mzee mmoja aliyeteremka asubuhi hiyo kutoka mlimani. Alikuwa na cheti cha daktari kilichokunjwa mara nne, na cheti kile kilimtaka anywe kidonge cha shinikizo la damu kila siku iendayo kwa Mungu. Mzee alihesabu fedha zake juu ya meza, akazirudia kuzihesabu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nikatie za siku tano." Kijana wa dukani akachukua mkasi, akakata vidonge vitano kutoka kwenye karatasi yake, akampa.

Tulipotoka nje nilimwamkia na kumwuliza siku ya sita itakuwaje. Akanijibu, "Nikisikia kichwa kinaniuma, nitashuka tena." Ndugu msomaji, jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Shinikizo la damu halina desturi ya kumwumiza mtu kichwa kabla ya kumwangusha. Aghalabu hukaa kimya miaka mingi, na siku linaposema husema kwa kiharusi. Mzee yule hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa mtu mmoja, mwenye mfuko mmoja, aliyesimama peke yake mbele ya bei.

Wala hayuko peke yake katika hali hiyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000, uliofanywa Ilala katika jiji la Dar es Salaam na Shari katika wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ulionyesha kwamba karibu thuluthi moja ya watu wazima waliopimwa walikuwa na shinikizo la juu la damu. Katika hao, wasiofika mmoja kwa kila watano walikuwa wanajijua. Wapatao mmoja katika kumi walikuwa wakipata matibabu, na ambao shinikizo lao lilikuwa limedhibitiwa hawakufika mmoja katika mia. Hapana shaka sababu ni nyingi, lakini bei ya dawa inayonywewa maisha yote haiwezi kuachwa nje ya hesabu hiyo. Dawa ya malaria hununuliwa mara moja, mgonjwa akapona. Dawa ya presha au ya kisukari ni kama kodi ya nyumba: mwezi ukiisha, inadaiwa tena.

Wapo watakaouliza, sisi wa Visiwani yanatuhusu nini mambo ya Moshi? Yanatuhusu, kwa kuwa ugonjwa hauulizi mtu ni wa bara au wa kisiwani, na kwa kuwa watu wa mlima ule wana somo la zamani ambalo wenye mikarafuu wa Pemba wataligundua mara moja. Katika miaka ya 1920 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa wadogo wadogo, kila mmoja na kihamba chake na magunia yake machache. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wapandaji kahawa, na mwaka 1933 kikasajiliwa Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Waliona kwamba anayeuza peke yake huuza kwa bei ya mnunuzi, na wanaouza pamoja wanaweza kuketi mezani. Hata pale serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, hatua ambayo ilibidi irekebishwe kwa sheria ya mwaka 1982, fikra hiyo haikufa.

Basi somo hilo ligeuzwe upande wa pili. Ikiwa auzaye peke yake huuza rahisi, anunuaye peke yake hununua ghali. Mlima ule una mifano mitatu inayothibitisha maneno haya.

Mfano wa kwanza uko Kibong'oto, wilayani Siha. Hospitali ile imehudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu miaka ya 1920, na tangu mwaka 2009 ndipo nchi yetu ilipoanzia kutibu kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida. Miongoni mwa dawa mpya za ugonjwa huo ni bedakwilini, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa chini ya hataza ya kampuni moja ya Marekani, Johnson & Johnson. Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi ya kuwa peke yake sokoni kwa muda wa miaka 20 hivi. Hataza ya msingi ya dawa hiyo ilifika mwisho mwezi Julai mwaka 2023, baada ya wagonjwa na watetezi wao katika nchi nyingi kupinga jitihada za kuirefusha. Viwanda vya India vikaruhusiwa kuingia, na mfuko wa kimataifa unaozinunulia nchi nyingi dawa za kifua kikuu kwa pamoja ukaitisha zabuni. Bei ya kampuni ile ile ikashuka kwa zaidi ya nusu katika mwaka ule ule. Dawa haikubadilika, wala kiwanda hakikuhama. Kilichobadilika ni kwamba muuzaji hakuwa peke yake tena, na wanunuzi hawakuwa mmoja mmoja. Mgonjwa wa Kibong'oto hatozwi dawa hiyo, lakini kila dola inayookolewa ni mgonjwa mwingine anayeweza kutibiwa.

Kabla ya hapo tulikwisha yaona hayo katika dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Mwaka 2000 matibabu ya mgonjwa mmoja kwa mwaka yaligharimu zaidi ya dola 10,000 za Marekani. Mwezi Februari mwaka 2001 kiwanda cha Cipla cha India kilijitokeza na bei ya dola 350. Mwezi Novemba mwaka huo mataifa yalikutana Doha, nchini Qatar, yakatamka kwamba sheria za biashara zisiwe kizuizi kwa nchi kulinda afya za watu wake. Tanzania ilianza kutoa dawa hizo bila malipo mwaka 2004. Nchi zilizo nyuma kimaendeleo, na Tanzania imo, zimepewa nafasi hadi tarehe 1 Januari 2033 ya kutolazimika kulinda hataza za dawa. Nafasi hiyo ni mali. Maofisa wetu wa sheria na wa viwanda wasiiache ipite kama maji ya mvua yaendayo baharini.

Mfano wa pili uko katika hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Ndani ya viwanja vyake kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na katika kituo hicho hutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Kwa mtu mwenye ualbino mafuta hayo si pambo. Ni dawa, kwa sababu jua humletea saratani ya ngozi angali kijana. Yanayoletwa kutoka ng'ambo na kuuzwa madukani, wazazi wachache sana wanaweza kuyanunua mwezi baada ya mwezi. Wafamasia wa pale wakishirikiana na wenzao wa Hispania walitunga mchanganyiko unaofaa ngozi hiyo na hali ya hewa yetu, wakaupa jina la Kilisun, nao hugawiwa bure kupitia kliniki katika mikoa mingi. Hatudai kwamba hapo pamekuwa na kujitegemea kamili, kwani malighafi na fedha nyingine hutoka nje. Hata hivyo, kazi iliyofanywa na mikono ya wataalamu wetu imekitoa kitu kutoka kwenye kabati la kioo na kukitia mkononi mwa mtoto anayekihitaji.

Mfano wa tatu unaturudisha kwa wakulima wenyewe. Mwaka 2011 KNCU, kwa kushirikiana na shirika la PharmAccess la Uholanzi, ilianzisha mpango wa bima ya afya kwa wakulima wa kahawa. Mwanachama aliandikisha jamaa yake kupitia chama chake cha msingi, akachangia sehemu ya gharama, na sehemu nyingine ikatoka kwa wafadhili. Alipougua alikwenda katika zahanati iliyo karibu naye bila kutoa fedha mlangoni. Uzoefu uliopatikana Kilimanjaro ulisaidia kuunda Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao mwaka 2018 uliwekewa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita katika mikoa ya bara, isipokuwa Dar es Salaam. Ni shilingi 5,000 kwa kichwa. Mpango unaotegemea ruzuku ya mgeni una udhaifu wake, na ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka mzigo huu ubebwe na taifa zima. Lakini msingi wake ni ule ule wa ushirika: mwenye afya leo amchangie mgonjwa wa leo, kwa kuwa kesho zamu ni yake.

Sasa turudi kwa mzee wa stendi, kwani sera zote hizi hazina maana zisipomfikia yeye. Kwenye cheti chake daktari alikuwa ameandika jina la biashara la dawa, si jina lake la asili. Hapa pana jambo ambalo kila mwananchi anapaswa kulijua. Dawa ina majina mawili. Kwa mfano, Norvasc ni jina alilolitia kiwandani Pfizer, na jina la asili la dawa hiyo ni amlodipini. Hataza yake huko Marekani ilikwisha mwaka 2007, na tangu hapo viwanda vingi duniani huitengeneza na kuiuza kwa bei ya chini sana. Anayetaja jina la biashara amejifunga kwa muuzaji mmoja. Anayetaja jina la asili amefungua mlango wa soko zima.

Watu wengine huogopa, wakisema cha rahisi hakina maana. Hofu hiyo inaeleweka, lakini dawa si kitambaa. Kinachoponya ni ile amlodipini yenyewe, na kazi ya kuhakikisha kwamba imo ndani ya kidonge kwa kipimo sahihi ni ya mamlaka za serikali. Mamlaka ya udhibiti wa dawa ya Tanzania Bara ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 kuwa imefikia daraja la tatu la ubora, ikiwa ya kwanza barani Afrika. Kwetu Zanzibar tunao Wakala wa Chakula na Dawa. Tuwadai wafanye kazi yao sawasawa, kisha tuache kulipia rangi ya boksi. Isitoshe, fikra hii si ngeni kwetu. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, na Tanzania ilikwisha tunga orodha yake mwaka 1970. Ni fedheha kwa nchi iliyotangulia kuona njia kuwa ya mwisho kuipita.

Kwa maofisa wa serikali, wa bara na wa Visiwani, nina maneno manne. Kwanza, waganga waagizwe kuandika jina la asili la dawa, na agizo hilo lifuatiliwe, lisibaki kwenye waraka. Pili, Bohari ya Dawa, iliyoanza kazi mwaka 1994 na ambayo ina kituo chake Moshi, ilianza mwaka 2017 kununua zaidi moja kwa moja kwa watengenezaji, na mwaka 2018 ilikabidhiwa jukumu la kuratibu ununuzi wa pamoja wa nchi za SADC. Bohari Kuu ya Dawa ya Zanzibar itazame namna ya kuunganisha mahitaji yake na hayo, kwa kuwa kisiwa kidogo kikinunua peke yake ni sawa na mzee yule na vidonge vyake vitano. Tatu, madeni ya bohari yalipwe kwa wakati, maana msambazaji asiyelipwa huongeza bei au hukaa na mali yake. Nne, mgonjwa wa maradhi ya kudumu ambaye hali yake imetulia apewe dawa ya mwezi au ya miezi, asifanywe kulipa nauli kila wiki kuliko thamani ya kidonge chenyewe.

Sisi Wazanzibari tumerithi msingi wa matibabu bila malipo tangu Mapinduzi ya 1964, na tangu mwaka 2023 tunao Mfuko wa Huduma za Afya. Tujivunie hayo, lakini tusijidanganye. Dawa ya bure isiyokuwepo rafuni ni ghali kuliko dawa zote, kwa sababu humpeleka maskini kwenye duka la mtu akiwa hana la kuchagua.

Na wewe ndugu msomaji una wajibu wako. Mwombe daktari akutajie jina la asili. Mwulize kama dawa zote alizokuandikia bado zina haja, na kama zipo nyingine za bei nafuu zenye kazi ile ile. Ukiwa huna fedha, mwambie kweli, usione haya. Daktari hawezi kukusaidia kwa asilolijua. Usikate dozi kwa shauri lako mwenyewe. Punguza chumvi, tembea kwa miguu, pima shinikizo la damu hata kama hujisikii vibaya, maana kinga haina bei ya dukani. Na mfuko wa afya ukifunguliwa shehiani kwenu, jiandikishe ukiwa mzima.

Wazee wa Kilimanjaro hawakungoja bei ya kahawa iwahurumie. Walikutana, wakahesabu magunia yao pamoja. Bei ya dawa nayo haina huruma, na mzee wa stendi, kwa hesabu ya vidonge vyake, siku yake ya sita ilikwisha fika zamani.