Likizo ya Watoto Mtwara: Anza na Mwezi, Tiketi Baadaye

Watanzania wanaoishi Muscat, London au Toronto wakipanga kuleta watoto wadogo Mtwara, mazungumzo huanza na bei ya ndege. Mimi huwashauri waanze na kalenda ya mwezi. Mtoto wa miaka mitatu hajali umemfikisha kwenye magofu mangapi. Anataka maji, mchanga na mtu wa kucheza naye, na maji ya pwani hii hayakai ufukweni saa zote.

Tuseme bibi yao yuko Likombe na mmepanga kushuka Shangani kila asubuhi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani wakati wa bamvua, bahari hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, kisha hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mtafika na taulo zenu saa nne mkute bahari imeondoka, imeacha mwani, mawe, vidimbwi na kina mama wanaochokoa pweza kwa vijiti. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: saa nne hiyohiyo maji yamejaa, hayapandi wala kushuka sana, na mkondo umepoa. Hayo ndiyo maji mafu, na kwa mtoto anayejifunza kuelea hakuna maji bora zaidi. Kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50, hivyo ukijua ya leo unaweza kupanga ya keshokutwa bila kumuuliza mtu.

Bamvua nayo ina raha yake. Vidimbwi vinavyobaki kwenye mawe vina kaa, visamaki na viti vya pwani, na mtoto anaweza kuchutama hapo saa nzima. Mvalishe yeboyebo au viatu vingine vya mpira, maana kuna viumbe wenye miiba kama ya nungunungu, na mwiba ukivunjikia kwenye unyayo likizo imeharibika. Anzeni kurudi mara tu maji yanapogeuka. Bahari inayorudi hupitia kwanza mabondeni, ikawazunguka kwa nyuma huku mbele mkiona bado kukavu.

Kuhusu miezi, Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Juni hadi Septemba ni wakati wa upepo wa kusi: pakavu, usiku pana ubaridi kidogo, na ndio wakati shule za Oman na Uingereza zinapofungwa. Upepo huo unadanganya, kwa sababu mtoto hahisi joto na ngozi inaungua vilevile. Fulana ya mikono mirefu majini inasaidia kuliko mafuta ya jua yanayopakwa mara moja asubuhi na kusahaulika. Desemba kuna maembe na ndugu wengi, lakini kuna joto kali, na mbu wa mvua wanakuja.

Hapo kwenye mbu ndipo wazazi wetu hujiamini kupita kiasi. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022, watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 waliokutwa na malaria walikuwa asilimia 8 kwa Tanzania nzima. Mtwara walikuwa asilimia 20, na mkoa huu ulizidiwa na Tabora tu. Baba aliyekulia Mikindani hukumbuka kwamba alikuwa akiugua siku mbili anapona. Kinga ile ilijengwa kwa kuumwa mara kwa mara, nayo hupungua mtu akikaa miaka mingi nje. Mwanawe aliyezaliwa Toronto hakuwahi kuwa nayo kabisa. Mtoto huyo anahitaji dawa ya kuzuia malaria, ambayo dozi yake hupimwa kwa uzito wake. Dawa nyingine huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, nyingine wiki mbili au tatu, na zote huendelea baada ya kurudi, kwa hiyo mwoneni daktari angalau mwezi mmoja na nusu kabla. Dawa anayomeza mama haimkingi mtoto anayenyonya.

Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Basi ratiba ya siku iishie hapo: kuoga, nguo za mikono mirefu, chakula, chandarua chenye dawa. Msione haya kuja na chandarua chenu nyumbani kwa bibi. Mtoto akipata homa msisubiri kesho, kapimeni siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka kinatoa jibu kwa dakika chache. Kwa ugonjwa mkubwa zaidi mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, na ile ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo.

Jambo jingine ambalo vitabu vya wageni hulisahau ni korosho. Kuanzia Oktoba mabibo huiva, na watoto hukimbilia mkorosho pamoja na binamu zao. Bibo lenyewe ni tamu, halina shida. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayochoma, na mtoto akiling'ata midomo hutoka malengelenge. Tena, kuna watoto wenye mzio wa korosho ambao wazazi hawajui, kwa kuwa huko waliko hawajawahi kuila. Mpeni kwanza kipande kidogo mchana, mkiwa karibu na hospitali, msimpe usiku shambani.

Ratiba iwe ya sehemu moja. Mzazi anayeunganisha Kilwa, Zanzibar na Mikumi kwa wiki mbili amepanga safari ya kikazi. Kivuko cha MV Mafanikio kwenda Msanga Mkuu kinatosha kuwa tukio la siku. Mikindani, kilomita kama 10 kutoka mjini, ina boma la Wajerumani la 1895 na ghuba iliyojikinga na mawimbi.

Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa 2000, ina ufukwe mzuri kuliko yote, lakini ulizeni wavuvi mahali kina kinapoanza ghafla. Wanaotoka Uingereza wana jambo la ziada. Tangu mapigano ya jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, yalipovuka Mto Ruvuma na kufika kijiji cha Kitaya mwaka 2020, serikali ya Uingereza imekuwa ikiwashauri raia wake wasiende ndani ya kilomita 20 kutoka mpaka na jimbo hilo bila sababu ya lazima, na Msimbati inaangukia humo. Bima nyingi hazilipi mtu akipuuza ushauri wa namna hiyo, kwa hiyo someni tangazo la wakati huo kabla ya kulipia. Kuvuka mto kwenda Palma, upande wa Msumbiji, na watoto, hapana.

Mengine ni madogo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, iacheni huko. Mkiunganisha ndege Nairobi au Addis Ababa na kusubiri zaidi ya saa 12, cheti cha chanjo ya homa ya manjano kitahitajika kwa kila mwenye mwaka mmoja na zaidi. Kiti cha gari cha mtoto njooni nacho, na bodaboda asipande.

Mkisharudi, mtoto akipata homa wakati wowote ndani ya miezi mitatu, hata kama inafanana na mafua ya shuleni, mwambieni daktari kabla hajauliza: tumetoka Mtwara, naomba apimwe malaria leo.