Amani ya Moyo Wakati wa Hatari

Watu wengi hudhani kuwa amani ya moyo hufuata amani ya nchi. Kwamba mtu hawezi kutulia nafsini mwake mpaka bunduki zinyamaze na watu walale bila kufunga milango. Mambo yaliyowapata Wakristo wa nchi ya Wakikuyu katika miaka ya 1950 yaonyesha kuwa sivyo.

Hali ya Hatari ilitangazwa na Gavana wa Kenya, Sir Evelyn Baring, mwezi wa Oktoba, 1952, ikadumu mpaka Januari, 1960. Chanzo chake kilikuwa cha siku nyingi: ardhi iliyochukuliwa na walowezi, ubaguzi wa rangi, na watu kukosa sauti katika utawala wa nchi yao. Wapiganaji wa Mau Mau waliingia msituni kudai ardhi na uhuru, nao walitaka watu wafungwe kwa kiapo kimoja. Serikali nayo iliwatia kizuizini watu makumi ya maelfu, na watu zaidi ya milioni moja wakahamishwa kwa nguvu wakae katika vijiji vyenye ulinzi. Damu ilimwagwa na pande zote mbili. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo.

Miongoni mwa raia hao walikuwamo Wakristo wa Uamsho, walioitana "ndugu". Uamsho huo ulianza Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, na mwaka 1937 wajumbe wake wakafika Kenya. Desturi yao kubwa iliitwa "kutembea nuruni", yaani kukutana mara kwa mara na kila mmoja kuungama dhambi yake wazi, bila mafumbo. Aliyeiba alirudisha mali ya watu; aliyemchukia jirani alimwendea akamwomba msamaha. Hata wamisheni wa Kizungu waliungama kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo ambalo halikuwa dogo katika siku zile.

Hatari ilipokuja, wengi wa ndugu hao walikataa kiapo. Walieleza kuwa wamekwisha kushiriki damu ya Kristo katika Meza ya Bwana, basi hawawezi kufungwa tena kwa damu ya mbuzi. Kwa sababu hiyo baadhi yao walipigwa, na wengine wakauawa. Walakini wengi wao walikataa pia kuchukua silaha pamoja na walinzi wa upande wa serikali, waliojulikana kwa jina la "ngati", kwa kuwa hawakutaka kumwua mtu ambaye Kristo alimfia. Hivyo walishukiwa na pande zote mbili.

Je, utulivu wao ulitoka wapi? Kwanza, hawakuwa na siri. Mtu aliyekwisha kuungama makosa yake mbele ya wenzake hana la kutishwa nalo. Pili, walikataa kumhesabu mtu ye yote kuwa adui. Na ajulikanavyo kila mtu, chuki humnyima usingizi yule aliye nayo kabla ya kumdhuru yule achukiwaye. Tatu, hawakuwa peke yao: aliyefiwa alifarijiwa, na aliyelegea aliinuliwa. Si kwamba hawakuogopa. Waliogopa kama watu wengine, na wapo waliokula kiapo kwa kutishwa, kisha wakatubu. Lakini hofu haikuwatawala.

Tena amani ya moyo si kunyamaza mbele ya dhuluma. Mwaka 1953 Canon T. F. C. Bewes, wa chama cha wamisheni cha CMS, alizuru Kenya, akamweleza Gavana habari za ukatili wa polisi kwa watu waliokamatwa. Moyo uliotulia waweza kusema kweli bila matusi, wala hauhitaji kulipa kisasi.

Katika mji wa Murang'a, ambao zamani uliitwa Fort Hall, limesimama kanisa la ukumbusho wa waliouawa kwa ajili ya imani. Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1955. Baadaye mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika, alichora ukutani picha tano kubwa za maisha ya Kristo, tangu kuzaliwa hata kusulibiwa, katikati ya vilima na watu wa Murang'a yenyewe. Atazamaye huona kwamba mateso yale hayakuwa ya nchi ya mbali.

Amani ya namna hii haipatikani kwa haraka siku ya msiba. Ndugu wale walikuwa wamezoea kuungama, kusamehe na kukutana miaka mingi kabla ya mwaka 1952. Na siku ya taabu ilipofika, walikuta akiba tayari. Akiba haiozi.