Usipake Rangi Juu ya Kutu

Mkulima, litazame bampa la mbele la gari lako la kubebea maziwa. Kama ni la chuma na rangi imevimba kama malengelenge, usikimbilie kununua rangi mpya. Chini yake mna kutu, nayo huzidi kula chuma hata ikifunikwa. Mbolea ya chumvichumvi ikichanganyika na matope huiharakisha.

Osha bampa kwa sabuni. Likwangue kwa msasa mpaka chuma king'are, wala usiishie penye jeraha. Endelea mpaka ufikie rangi iliyoshika imara. Wengi hapa huchoka wakaacha, na rangi hubanduka tena. Kausha vizuri, na siku hiyo hiyo upake rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Ikikauka, paka ya juu mara mbili, nyembamba.

Lakini jihadhari sana. Rangi ya gari kuukuu huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Lowanisha msasa kwa maji ili vumbi lisiruke. Watoto wakae mbali, na kazi isifanywe karibu na zizi: ndama hupenda kulamba, na magamba ya rangi hiyo yaweza kumwua. Tandaza karatasi ya nailoni chini uyakusanye yote. Usiyachome, wala usiyatupe kwenye samadi.