Wazee wanaoogopa ngazi wajifunze kusimama majini

Nyumba za kale za Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa Lamu, husifiwa na kila mgeni. Kuta nene za matumbawe, milango ya kuchongwa na madaka ya kupumzikia ni miongoni mwa mambo yaliyofanya mji huu uingizwe katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Lakini kwa mtu wa miaka 70, nyumba hizo zina ngazi. Ni ngazi za mawe zinazopanda wima, vipandio vyake havilingani kimo, na mara nyingi hamna pa kushika. Akifika chini anakutana na kichochoro chembamba, mfereji wa maji pembeni, na punda anayekuja na mzigo wake bila nia ya kumpisha mtu.

Mzee akianguka mara moja mahali kama hapo, hata asipovunjika, huingiwa na woga. Anaanza kubaki orofani. Anaswali nyumbani badala ya msikitini, jirani anaombwa apande yeye, na sokoni anatumwa mjukuu. Watu wa nyumbani wanaona wanamheshimu kwa kumpumzisha. Kumbe misuli ya miguu isiyotumika hunyong'onyea upesi, na mwili usiopata nafasi ya kuyumba na kujirudi husahau namna ya kujirudi. Siku atakapolazimika kushuka, atakuwa katika hatari kubwa zaidi kuliko siku ile aliyoanguka.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Wanaokufa kwa wingi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Wengi wengine hubaki hai lakini nyonga imevunjika, na mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi hatembei tena kama alivyokuwa akitembea.

Je, mtu husimamaje bila kuanguka? Ubongo hutegemea wapasha habari watatu. Macho hueleza kilichoko mbele. Sehemu ya ndani ya sikio hueleza kichwa kimeinama upande gani. Nyayo na viungo hueleza mguu umekanyaga nini na uzito umeelemea wapi. Umri unapopanda, wote watatu hupunguza kazi. Mtoto wa jicho hutia ukungu, ugonjwa wa sukari hufisha hisia za nyayo, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu au za usingizi huleta kizunguzungu. Mizani ya mwili, hata hivyo, ni kama ufundi wowote: ikifanyiwa mazoezi hurudi, hata uzeeni. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 na mtandao wa watafiti wa Cochrane, uliokusanya majaribio 108, ulionyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa asilimia 23 hivi. Mazoezi ya mizani na ya kuinuka, kukanyaga na kugeuka ndiyo yaliyokuwa na ushahidi wa nguvu zaidi.

Tatizo ni kwamba mizani haifunzwi bila kuyumba, na anayeogopa kuanguka hataki kuyumba. Hapa ndipo maji yanaposaidia.

Mtu akisimama ndani ya maji yanayofika kitovuni, miguu yake hubeba karibu nusu tu ya uzito wake. Yakifika kifuani, hubeba kama thuluthi moja. Mzee wa kilo 60 anakuwa kama mtu wa kilo 20, na magoti yaliyokuwa yakilalamika hunyamaza. Maji ya chumvi huinua mwili zaidi kidogo kuliko maji baridi ya kisimani. Pili, maji ni mazito kuliko hewa, kwa hiyo anayepepesuka ndani yake huenda polepole. Ubongo hupata nafasi ya kugundua kosa na kulisahihisha. Tatu, maji hupinga kila mwendo, na ukienda kasi yanapinga zaidi. Mguu hupata kazi inayolingana na nguvu zake bila chuma wala mashine.

Tiba hii si ya jana. Mwaka 1949 mhandisi James McMillan alianza kuwafundisha kuogelea wasichana walemavu wa shule ya Halliwick mjini London, akitumia ujuzi wake wa jinsi maji yanavyobeba vitu. Njia yake ilitegemea kumfundisha mtu kutawala mizani ya mwili majini, na wataalamu wa fiziotherapia wangali wanaitumia katika nchi nyingi. Tafiti zilizolinganisha mazoezi ya majini na ya nchi kavu kwa wazee zimeonyesha kwamba mizani huimarika kwa kiasi kinachokaribiana. Kwa hiyo anayeweza kufanya mazoezi nchi kavu hana hasara. Maji yana faida kubwa kwa yule ambaye magoti au woga vimemzuia kuanza.

Msomaji wa Nairobi atalazimika kutafuta bwawa, na ahakikishe maji si ya baridi, kwa maana baridi hukaza misuli. Vituo vya tiba hupendelea nyuzijoto 33 hadi 36. Mkaazi wa Mkomani ana bahari mlangoni, lakini asiingie palepale mbele ya mji, penye vyombo vinavyofunga na mifereji inayomwaga uchafu. Pwani ya Shela, kama kilomita 3 kusini, ni safi zaidi na ina mchanga. Hata huko, mahali pa kuingia ni upande uliokingwa, karibu na kijiji. Ufuo mrefu unaotazama bahari kuu una mawimbi, nayo hayamstahi mzee, hasa wakati wa kusi.

Saa nayo huchaguliwa. Mabaharia wa Lamu hawahitaji kufundishwa hili, lakini wajukuu waliolelewa bara huenda wakalihitaji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka sana na mkondo wa mlangoni huwa mkali. Siku za maji mafu ni tulivu zaidi. Huwa pia maji yanajaa katikati ya asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Ingieni maji yanapokaribia kutulia baada ya kujaa, si yanapovuta kwenda nje. Na neno hili litiliwe mkazo: mzee haingii peke yake hata kama alikuwa nahodha ujanani. Awe na mtu mzima mwenye nguvu, anayejua kuogelea, aliyesimama upande wa maji mengi.

Mazoezi yenyewe ni mepesi kueleza. Mwanzoni, maji yawe kati ya kitovu na kifua. Mzee aburure nyayo badala ya kuziinua juu, ili kama kuna taa amelala mchangani apate kukimbia. Avae viatu vya mpira, na mwenye sukari asikose kabisa kuvivaa. Atembee mbele hatua kumi, arudi kinyumenyume, kisha aende upande kama kaa. Halafu asimame, ahamishe uzito mguu wa kulia, kisha wa kushoto, mpaka aweze kuinua mmoja kidogo. Akizoea, msaidizi ayatikise maji kwa mikono karibu naye ili ajifunze kusimama yakiwa yanasukasuka. Zoezi hili la mwisho ndilo lenye thamani kubwa, ingawa watoto wakiliona watadhani ni mchezo. Dakika 15 zinatosha kwa kuanzia, zikiongezwa taratibu hadi 30 au 40, mara 2 au 3 kwa wiki.

Akina mama wengi huzuiwa na sitara kuliko na magoti. Buibui likilowa huwa zito na huzonga miguu, jambo la hatari. Suruali ya kitambaa chepesi na kanzu fupi ya mikono mirefu hufaa, na wakienda kikundi mapema, wenyewe kwa wenyewe, hakuna wa kuwatazama.

Wapo wasiofaa kuingia kabla ya kupimwa. Maji ya kifuani hubana miguu na tumbo na kusukuma damu kuelekea moyoni, kwa hiyo mwenye moyo dhaifu au shinikizo la damu lisilodhibitiwa amwone daktari kwanza. Mwenye kidonda, kifafa au homa asiingie. Wakati wa kutoka pia una hatari yake: uzito wote hurudi kwa ghafla na kichwa huweza kuzunguka. Atoke polepole, akae mchangani dakika chache, anywe maji.

Nguvu zilizopatikana baharini zisiachwe baharini. Baada ya wiki chache, mzee aanze kuinuka kitini bila kushika, na kushuka ngazi zilezile akifuatana na mtu. Fundi afunge kamba nene au mti wa kushika ukutani, na taa iwashwe mchana pia ikiwa ngazi ina giza.

Kupima maendeleo hakuhitaji chombo. Mzee asimame karibu na ukuta, mtu akiwa kando yake, aweke kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine kana kwamba yuko juu ya mstari, kisha ahesabiwe sekunde. Asiyefika 10 yuko katika hatari zaidi ya kuanguka. Andikeni hesabu hiyo kwenye kalenda ya ukutani, mrudie mwezi ujao, na mkienda kwa mtaalamu wa fiziotherapia mchukue kalenda hiyo pamoja na dawa zote anazotumia mzee.