Uholanzi: Nchi Iliyoifungulia Bahari Mlango

Uholanzi iko kaskazini-magharibi mwa Ulaya, ikipakana na Ujerumani upande wa mashariki na Ubelgiji upande wa kusini, na kwingineko huishia Bahari ya Kaskazini. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 41,500, hivi kwamba Tanzania inaizidi kwa zaidi ya mara 20, na wakazi wake, wanaozidi milioni 17, wamegawanyika katika mikoa 12. Mji mkuu ni Amsterdam, ilhali serikali hukaa Den Haag. Bandari kuu ni Rotterdam. Bidhaa mashuhuri za kilimo ni maziwa, jibini na maua. Takriban robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari, na tarakimu hiyo moja inatosha kuziweka kando zilizosalia, kwa kuwa habari ya uhuru wa Waholanzi imo ndani yake.

Ardhi hiyo ya chini huitwa polda, yaani eneo lililozungushiwa matuta, likatolewa maji kwa mifereji na vinu vya upepo, kisha likalimwa. Katika karne ya 16 nchi hiyo ya polda ilitawaliwa na Philip II, mfalme wa Hispania, aliyewatesa Waprotestanti, yaani Wakristo waliojitenga na Kanisa Katoliki, na ambaye gavana wake, Duki wa Alba, alitaka kutoza sehemu moja ya kumi ya mauzo. Vita vya uasi vilivyoanza mwaka 1568 havikuisha hadi amani ya Münster ya mwaka 1648. Mfalme huyo si mgeni kwa watu wa Pwani, kwani alipata pia taji la Ureno, na katika enzi yake ujenzi wa Fort Jesus ulianza Mombasa mwaka 1593.

Katika miaka hiyo 80 hakuna tukio linalofikia kuzingirwa kwa Leiden. Tangu Mei 1574 majeshi ya Hispania yaliuzunguka mji huo kwa ngome ndogo ndogo, chakula kikaisha, wakazi wakala farasi, mbwa na paka, na maelfu wakafa kwa njaa na tauni, huku barua zikipita angani kwa njiwa. William wa Orange, kiongozi wa uasi, hakuwa na jeshi la nchi kavu la kuwaokoa, lakini alikuwa na mabaharia. Kwa hiyo mwezi Agosti matuta ya mito Maas na IJssel yalitobolewa kwa makusudi, na mashamba yaliyokaushwa kwa jasho la vizazi vingi yakaachiwa maji. Mashua bapa ziliyafuata maji hayo tuta baada ya tuta, zikikwama kila kina kilipopungua, mpaka dhoruba ya mwanzo wa Oktoba ilipoyasukuma karibu na kuta za mji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Wahispania walikimbia, na inasimuliwa kwamba kijana yatima aliyeingia katika ngome yao tupu alikuta sufuria ya mchuzi mzito wa nyama na mboga. Sufuria inayosadikiwa kuwa ndiyo hiyo imehifadhiwa mjini humo, katika makumbusho ya Lakenhal.

Watu walioweza kutoa kafara kubwa namna hiyo walikuwa wamezoea kuyaangalia maji kwa pamoja kwa karne nyingi, kupitia bodi za maji. Bodi ya Rijnland, yenye makao yake Leiden, ina hati ya mwaka 1255, na hadi leo bodi 21 za aina hiyo hutoza kodi zake zenyewe, hupigiwa kura kila baada ya miaka 4, na hukagua matuta na mifereji. Afrika Mashariki ingefaa kujipima hapo. Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, hufurika masika, mitaro imejaa chupa za plastiki, na mkazi husubiri serikali ije kuzibua mtaro ulio mbele ya mlango wake. Majirani wasioweza kukutana wakati wa kiangazi kwa ajili ya mtaro mmoja watapata shida kuafikiana siku ya balaa.

Kila tarehe 3 Oktoba wakazi wa Leiden hugawiwa mkate mweupe na samaki wa heringi, chakula kilicholetwa na mashua za wakombozi, na majumbani hupikwa hutspot, yaani karoti, vitunguu na viazi vilivyopondwa pamoja. Viazi havikuwamo katika sufuria ya mwaka 1574, kwa maana vilikuwa bado havijaenea nchini; hata hivyo jina ni lilelile, na mtoto wa Leiden huijua mapema, kwa ulimi wake, bei ya mashamba ya wengine iliyolipwa ili mji wake uokoke.