Kichenpati ya Saa Kumi

Anayetaka kumwandalia bibi harusi sherehe ya chai mara nyingi huanza na mapambo: vikombe vyenye maua, kofia za ukili, sinia la keki la ghorofa tatu. Huko ni kuanzia mwisho. Kinachoifanya sherehe iwe ya chai ni saa yake, na Waingereza wanaoigwa hawakuianzisha kwa ajili ya urembo. Kufikia miaka ya 1840 matajiri wao walikuwa wameusogeza mlo wa jioni hadi kama saa mbili usiku, na tangu mchana hadi hapo tumbo lilidai kitu. Duchess Anna wa Bedford ndiye anayetajwa kuwa aliagiza chai na mkate wa siagi alasiri, kisha akaanza kuwaita marafiki wanywe pamoja. Ulikuwa mlo mdogo wa kuzuga njaa, na kwa kuwa hakuna aliyeujia kushiba, kilichobaki kufanywa ni mazungumzo.

Mazungumzo ndiyo yanayokosekana kwenye kichenpati zetu nyingi. Shughuli hii imechukua sehemu ya kazi ya kungwi na somo, yaani kumfunda mwali, lakini imehamia ukumbini, usiku, kwenye spika kubwa. Mshereheshaji hashuki jukwaani, foleni ya chakula inazunguka ukumbi, zawadi za masufuria na majiko zinapita kwa nyimbo, na shangazi aliyeandaa maneno yake tangu wiki iliyopita anapewa dakika tatu na kipaza sauti kinachokoroma. Ukiisogeza shughuli hiyo hadi saa kumi alasiri, mambo kadhaa yanajirekebisha. Pilau na nyama havihitajiki, kwa hiyo hakuna foleni. Ua au sebule pana inatosha, kwa hiyo hakuna kodi ya ukumbi. Wageni wanakaa meza za watu sita au wanane, na kila meza ina chupa yake ya chai na mama mmoja wa kumimina. Anayemimina ndiye anayeongoza maongezi bila kuteuliwa. Ukimweka mtu mzima mwenye busara kila meza, kisha bibi harusi akazihamia moja baada ya nyingine, atafundwa mara tano badala ya kuhutubiwa mara moja.

Yapo malalamiko, na la kwanza ni la mchango: mtu hawezi kutoa fedha yake akaishia kunywa chai. Lina uzito pale ambapo kamati imekusanya fedha za mlo kamili kisha ikaandaa vitafunio. Hapo wageni wana haki ya kununa. Dawa ni kushusha kiwango cha mchango kabla kadi hazijatoka na kuandika saa waziwazi, ili mgeni aje akiwa ameshakula mchana. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Wageni 40, kila mmoja vikombe vitatu vya mililita 150, ni lita 18. Nusu ikiwa chai ya maziwa, nusu maji nusu maziwa, maziwa ni lita nne na nusu. Majani gramu 10 hadi 12 kwa lita yanatosha, yaani kama gramu 200 kwa shughuli nzima. Ng'ombe wa kuchinja hayumo.

La pili ni la uigaji, na hapa lawama inawaangukia wenye mapambo. Majani yamekuwa yakilimwa Limuru tangu 1903 na Amani, Usambara, tangu 1904, na saa kumi ya chai Pwani haihitaji kibali cha London. Kinachoazimwa vibaya ni chakula. Mkate wa mayai na mayonezi ulitengenezewa hali ya hewa ya baridi; kwenye joto linalozidi nyuzi 32 chakula cha namna hiyo hakipaswi kukaa mezani zaidi ya saa moja, na keki ya krimu itakuwa imeshalegea kabla bibi harusi hajafika (na bibi harusi huchelewa). Visheti, kaimati, mkate wa kumimina na vitumbua havina tabu hiyo. Sambusa na katlesi za nyama ziletwe za moto, kidogo kidogo, zisipangwe zote tangu mwanzo.

Chai yenyewe ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa sababu kila mtu anaamini anaijua. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, kwa hiyo ichemshwe kwanza kwenye maji pamoja na iliki na mdalasini, na maziwa yafuate baada ya mchemko. Anayetia vyote pamoja anajitafutia mabonge. Majani mengi ya Afrika Mashariki ni ya punje ndogo zilizosagwa kwa mashine, hivyo hukolea upesi na kugeuka machungu yakiachwa. Yachujwe kabla chai haijaingia kwenye chupa. Ni afadhali kupika mara mbili, sufuria ya pili ikiinjikwa wakati ya kwanza inamiminwa. Sukari ikae mezani, maana wapo wenye kisukari, na pawe na mchaichai kwa asiyetaka majani.

La tatu ni gumu zaidi: kichenpati bila ngoma si kichenpati. Ni kweli kwamba yapo mafunzo ambayo hayasemwi kwa maneno wala mbele ya watu 40, na chai haiyawezi. Hayo kungwi na mwali wayamalize chumbani, siku nyingine, kama ilivyokuwa zamani. Wanaotaka kucheza nao wana nafasi baada ya vikombe kuondolewa, ila mwenyeji aangalie saa: magharibi huingia baada ya saa kumi na mbili jioni, na wageni wa kuswali wataanza kutafuta viatu vyao.